Laptopu ya Mbao

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hajawahi kuwa na laptopu yake mwenyewe. Kuiwasha ataiwasha, lakini baada ya hapo anamwita mtu. Ila mfumbe macho, umpe laptopu mkononi, apapase pembe zake na mgongo wake, na atakuambia hii ni ya mwaka gani na ile iliyotangulia ilikuwaje. Anazijua kwa nje jinsi mkunga anavyojua tumbo.

Kazi yake ni kushona mifuko ya laptopu. Zamani alikuwa akishona sare za shule, kola na mabega mwaka mzima, mpaka siku moja jirani yake kazini, fundi wa kompyuta, akamwomba amshonee kitu cha kufunikia laptopu ya mteja kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na mteja hataki kusikia habari ya mfuko wa nailoni. Akatumia vipande vya turubai vilivyobaki. Yule mteja akarudi wiki iliyofuata na wenzake watatu. Sare zikaishia hapo.

Anakaa chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, mahali ambapo mtu mrefu lazima ainamishe kichwa. Kuna cherehani ya mkono, meza moja, na ukutani vibao vinne vya mbao vimepangwa kama vitabu. Vibao hivyo ndivyo siri yake. Kila laptopu mpya ikitoka, humpelekea seremala akamchongea mfano wake kwa mbao, sawasawa kwa urefu, upana na unene. Kisha anashona mfuko juu ya kibao, anakiacha ndani mpaka kesho yake, na mfuko unashika umbo. Akivileta nyumbani, wageni hudhani ni vibao vya kukatia mboga. Mimi mwenyewe niliwahi kukata kitunguu juu ya kimojawapo, na wifi hajanisamehe mpaka leo. Kila akiniona na kisu ananiuliza kama leo nakata laptopu ya nani.

Seremala huyo tunamwita Taratibu, kwa sababu hajazaliwa mtu wa kumharakisha. Yeye huweka laptopu yenyewe mezani, kibao pembeni, anapunguza na kulinganisha, anapunguza na kulinganisha, hadi ukivifunika kwa kitambaa huwezi kusema kipi ni kipi.

Sasa, mwaka juzi lilifunguliwa duka kubwa la kompyuta mtaa wa pili, lenye dirisha la kioo kutoka juu hadi chini. Dirishani kuna rafu ya mifuko. Wifi aliitamani rafu ile kuliko nguo mpya. Mwaka jana laptopu mpya ilipotoka, akasubiri mteja mmoja ainunue amletee aipime, akampelekea Taratibu, akashona, akaenda dukani na mifuko yake mizuri baada ya wiki tatu. Akakuta rafu imejaa mifuko ya kutoka nje. Mwenye duka alimwambia kwa upole kabisa kwamba watu wananunua mfuko siku ile ile wanayonunua laptopu, na kwamba akiagiza nje anaagiza mifuko ya mwaka mzima. Akaongeza kwamba mwakani, kama mama ataleta mfuko unaoienea laptopu siku ya kwanza inapotoka, rafu ni yake.

Wifi alirudi nyumbani akakaa kitandani bila kuvua viatu. Akaniuliza, mfuko wa siku ya kwanza utashonwaje na laptopu yenyewe hujaiona?

Jibu alilipata mwaka huu, nalo ni kubahatisha. Ila kubahatisha kwa akili.

Ilianza kama miezi miwili kabla laptopu mpya haijatoka. Fundi wa kompyuta alikuwa akifika asubuhi, kabla hata hajafungua kufuli lake, anasoma kwenye simu tetesi za laptopu ijayo. Leo picha imevuja, kesho mtu fulani amesikia kwa mtu fulani. Kioo kitafika mpaka ukingoni kabisa. Tundu la chaja litahamia kulia. Rangi itakuwa ya majivu yenye ubuluu. Watu waliokuwa wakipanda ngazi wakawa wanasimama kusikiliza, mhasibu wa ghorofa ya kwanza na mabahasha yake, mwalimu mmoja, muuza vocha, na kila mmoja ana lake. Mhasibu aliapa kwamba kibodi zitaondolewa zote, watu wataandika juu ya kioo. Mwalimu akamwambia basi hesabu zako utazifuta kwa kitambaa. Nilikuwa nikipita na chai ya wifi nikawa nachelewa kuondoka. Sikuwa naelewa nusu ya maneno, lakini ile raha ya watu kubishania kitu ambacho hakuna aliyekiona ilinishika na mimi.

Wifi alikuwa anasikiliza huku anashona. Kwa upana na urefu alimwamini fundi, maana zile picha ukizilinganisha zote zilikubaliana. Walichogombania ni unene. Fundi alisema itakuwa nyembamba zaidi, milimita kumi na mbili, kwa sababu kila mwaka zinapungua na tetesi zote zinasema hivyo. Wifi akasema hapana, safari hii itanenepa.

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Akamuuliza hiyo fununu ameisoma wapi, kwenye gazeti la uzi na sindano?

Wifi alisimamisha cherehani. Aliinama chini ya meza akatoa mifuko mibovu, ile wateja wanayomletea aitie viraka. Akaigeuza nje ndani, mmoja baada ya mwingine, akaipanga kwenye ngazi. Yote ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kitambaa cha ndani, upande wa chini karibu na bawaba, kilikuwa kimekauka na kubadilika rangi, kingine kimekuwa kama karatasi iliyowekwa karibu na pasi. Mitatu ilikuwa na matundu ambayo wateja wenyewe walimwomba atoboe ili laptopu ipumue.

"Hii yote ni ya laptopu za toleo la mwaka jana," alisema. "Zinaungua mgongo. Mimi niliye chini ya ngazi nimeletewa kumi na moja. Waliozitengeneza wameletewa ngapi? Lazima wataweka feni kubwa, na feni kubwa inataka chumba."

Fundi alichukua mfuko mmoja akaupapasa. Akachukua wa pili. Akaacha kucheka, jambo ambalo mhasibu alisema liandikwe tarehe. Mwisho akakubali kwamba zinachemka, ndiyo, hata yeye huwa anazisafisha feni, lakini hakuna kampuni itakayokubali kunenepa mbele za watu. Wifi akamwambia hata yeye alisema hivyo akiwa na miaka thelathini.

Wakakisia pamoja feni inahitaji nafasi kiasi gani. Fundi alifungua laptopu mbovu, wakapima ndani, wakajumlisha, wakafika milimita kumi na nane. Ukiwaona wamekaa chini, vichwa vimegusana juu ya ile laptopu, ungedhani ni watoto wamekamata panzi.

Siku hiyo hiyo wifi alikwenda kwa Taratibu na karatasi yenye vipimo vitatu. Wiki moja baadaye kibao kikawa tayari, kizuri kuliko vyote vinne, kinang'aa, kimepakwa vanishi, pembe laini kama sabuni iliyotumika. Wifi alikikumbatia. Wajukuu zake wakakiwekea karatasi yenye herufi wakawa wanapiga chapa, na yeye akawa anawaambia waandike barua dukani.

Alishona mifuko kumi na miwili. Turubai zito la rangi ya kahawia, sponji katikati, kitambaa laini ndani, zipu ya chuma. Ilikuwa mizuri, sisemi kwa sababu ni wifi yangu. Usiku wa kuamkia siku ya laptopu kutoka aliniomba nimwombee. Nilipiga magoti, nikaanza vizuri na wagonjwa na wasafiri, lakini nilipofika kwa wifi nikaona haya kumtajia Mungu milimita. Nikasema tu, Bwana, unene unaujua Wewe.

Maboksi ya laptopu mpya yalifika dukani saa tatu asubuhi. Wateja wangefunguliwa mlango saa nane mchana. Mwenye duka alituruhusu kuingia sisi wanne, wifi, mimi, fundi na Taratibu, ambaye alikuwa amevaa shati la kwenda kusali. Wifi alibeba kibao kifuani na mimi nikabeba mifuko.

Mwenye duka akakata utepe wa boksi moja, akaitoa laptopu, akaiweka juu ya kaunta. Rangi ya majivu yenye ubuluu. Tundu la chaja kulia. Fundi alikuwa anaitikia kwa kichwa kila kimoja kama mtu anayesalimiwa na ndugu zake. Kisha akatoa chuma chake cha kupimia, akaibana laptopu, akaangalia. Akaangalia tena.

"Kumi na nane," akasema. "Kumi na nane kamili, mama."

Nilimwona wifi akiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Fundi alianza kucheka peke yake, akamshika mkono akautikisa kama pampu. Hata mwenye duka, ambaye hakuwa anajua hadithi nzima, alianza kutabasamu. Wifi akachukua mfuko wa kwanza, akafungua zipu, akaingiza laptopu.

Ikafika theluthi mbili, ikasimama.

Akaisukuma kidogo. Haikwenda. Akajaribu mfuko wa pili, wa tatu. Yote ikakwama pale pale. Tabasamu la mwenye duka likapungua. Alitoa simu mfukoni, hakupiga, aliishika tu, na sote tulijua anafikiria namba ya wauza mifuko wa nje. Wifi alikuwa amesimama na laptopu nusu ndani nusu nje, na mimi nikawa nasema moyoni, Bwana, nilisema unene unaujua Wewe.

Ndipo akafanya jambo la akili. Alichukua kibao akakiweka kaunta ubavu kwa ubavu na laptopu, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na meza. Kibao kilikuwa chembamba zaidi. Kidogo sana, kiasi cha ukucha, lakini chembamba. Fundi akakibana na chuma chake. Kumi na sita.

Wote tukamgeukia Taratibu. Uso wake ulikuwa umeanza kutoka jasho.

"Nilikata kumi na nane," alisema. "Halafu nikapiga msasa. Upande huu na upande huu. Ilikuwa na miba, mama, nisingeweza kukupa kitu chenye miba."

Hakuna ubao uliowahi kutoka kwa mtu yule bila kupigwa msasa. Siku zote alikuwa na laptopu pembeni ya kumwambia sasa acha. Safari hii hakuwa na kitu, alikuwa na karatasi, na karatasi haimzuii mtu mkono. Wifi naye, aliyepima mabega ya watoto wa shule kwa miaka ishirini, alikipokea kibao akakikumbatia badala ya kukipima. Aliliona hilo kabla mtu hajalisema. Alimgusa Taratibu begani akamwambia kosa wameligawana nusu kwa nusu.

Kisha akamgeukia mwenye duka. "Baba, hii si myembamba kwa kukosea, ni myembamba kwa kupendeza. Nipe mpaka saa nane."

Mwenye duka aliangalia saa, akaangalia laptopu, akasema saa nane ni saa nane.

Fundi na Taratibu walikwenda kuleta cherehani. Sijawahi kumwona Taratibu akikimbia kabla ya siku ile, wala baada yake. Wifi akawekewa meza ndogo nyuma ya dirisha. Mimi nikafumua mishono ya ubavu kwa wembe, yeye akairudisha, milimita moja kila upande, karibu kabisa na ukingo wa turubai. Matundu ya uzi wa kwanza aliyasugua kwa ukucha mpaka yakajifunga. Safari hii kila mfuko uliotoka ulijaribiwa na laptopu yenyewe. Laptopu ilipoingia kwenye wa kwanza, mfuko ulitoa pumzi kidogo, hewa ikitoka mle ndani, na zipu ikapita mpaka mwisho bila kusita. Wifi aliipitisha mara tatu. Nadhani alitaka kuisikia tu.

Watu waliokuwa wamepanga foleni nje walikuwa wanamwona kupitia kioo. Wakawa wanasogea. Mmoja akabandika pua kabisa. Fundi alitoka akaanza kuwasimulia habari ya mifuko iliyoungua na mama aliyekisia unene wakati dunia nzima imesema nyembamba, na kwa jinsi alivyokuwa anaitia chumvi, ungedhani yeye alikuwa upande wake tangu mwanzo. Wifi alimsikia. Hakuinua kichwa, ila mabega yalikuwa yanacheka.

Saa nane ilipofika tulikuwa tumebakiza miwili. Mlango ukafunguliwa. Mtu wa kwanza alinunua laptopu, akapita rafu moja kwa moja, akaenda kusimama mbele ya meza ya wifi, akaomba ule anaoushona sasa hivi. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Mwenye duka alikuwa na kazi ya kupokea fedha na kuwaambia watu wasimsukume mama. Kabla ya saa kumi mifuko yote kumi na miwili ilikuwa imetoka, na watu watano wameacha namba zao za simu.

Rafu ya dirishani ilikuwa haijawekwa kitu siku nzima. Mfanyakazi mmoja alikuja na boksi la mifuko ya mwaka jana akataka kuipanga pale, isikae tupu. Mwenye duka akamwambia airudishe stoo, hiyo rafu ina mwenyewe. Halafu akamuuliza wifi kesho ataleta mingapi.

Wifi alikuwa ameiweka ile laptopu ya kujaribia mapajani, anaipima upya kila upande kwa mkono wake mwenyewe, na vipimo anaviandika kwenye kiganja kwa sababu karatasi haikuwepo karibu. Akamwambia asubiri kwanza amalize kupima.