Kigoda Mbele ya Taa

Siku yangu ya kwanza gereji nilikalishwa chini kabla sijashika hata spana. Nilikuwa mama wa watoto watatu, nimeacha kazi ya kupima majani chai nikasomea umeme wa magari ukubwani, na nilikwenda pale mjini Kisii na ovaroli mpya niliyoibana kiunoni, tayari kuwaonyesha wanaume kwamba cheti changu sikukiokota njiani. Fomeni, aliyekuwa mkuu wa mafundi, alinitazama, akavuta kigoda cha miguu mitatu, akakiweka hatua kumi mbele ya gari lililokuwa bandani.

"Keti hapo, Moraa," akasema. Kisha akawasha taa.

Nilifunika uso kwa mikono yote miwili. "Nyasae, Mungu wangu! Fomeni, unataka kunipofusha?"

"Mwenye gari hili anazipenda sana hizi taa," alinijibu. "Lakini yeye huziona akiwa nyuma yake. Wewe umeziona kwa mbele. Sasa anza kazi."

Nilimnunia wiki nzima. Hasira zangu ziko karibu, hata wanangu wanajua. Lakini nyinyi vijana mnaoniuliza kazi ilikuwaje enzi zetu, jueni kwamba yote niliyojifunza baadaye yalianzia kwenye kigoda kile.

Wakati huo zenoni ndizo zilikuwa habari ya mjini. Taa ya kawaida, halojeni, ina kiwaya kinachopata moto mpaka king'ae. Zenoni haina kiwaya. Ina gesi ndani ya kifuko kidogo cha kioo, na umeme unaruka humo kama radi. Betri peke yake haiwezi kuuwasha mruko huo, ndipo inapohitajika balasti, kiboksi cha chuma kinachozipandisha volti kumi na mbili za betri mpaka maelfu. Ukishika waya wake taa ikiwashwa, utasalimiana na babu zako. Mwenzetu mmoja aliushika, akajikuta ameketi kwenye rundo la magurudumu, anatabasamu na hajui kwa nini. Tulimcheka mpaka saa ya kufunga gereji.

Wateja walitaka buluu. Walitaka gari lionekane Keroka likiwa bado Kisii! Rangi ya mwanga hutajwa kwa namba: elfu nne na mia tatu ni nyeupe yenye umanjano kidogo, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyogeuka buluu. Buluu inapendeza mjini, lakini kwenye ukungu wa Nyamira inakurudia usoni na barabara huioni. Fomeni alikuwa akimuuliza mteja, "Hiyo ni ya harusi. Wewe unaenda harusini kila siku?"

Kisha kuna bakuli, sehemu ya ndani ya taa inayorudisha mwanga mbele. Bakuli la taa ya halojeni limechongwa kwa ajili ya kile kiwaya. Ukitia zenoni humo, mwanga unamwagika kila upande, mpaka machoni mwa watu. Kwa hiyo Fomeni hakufunga zenoni bila projekta, yaani lenzi ya duara inayoukusanya mwanga na kuukata juu ukawa na ukingo ulionyooka. Aliyekataa alirudishiwa ufunguo wake kwa adabu. Mwenye gereji alilalamika kwamba tunafukuza watu. "Mzee, basi wafungie wewe," Fomeni akamwambia, na mambo yakaishia hapo.

Nilimpenda kwa mikono yake. Aliweza kuipasha moto taa iliyogandishwa kwa gundi, polepole, akaifungua bila kuikwaruza, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti nzito. Balbu hakuishika kioo kwa kidole kitupu hata mara moja, maana mafuta ya ngozi huipasua ikipata moto.

Mwisho wa kila kazi ulikuwa kigoda. Mwenye gari aliketi, macho yake yakawa kwenye kimo cha macho ya mtu anayekuja, akazitazama taa zake mwenyewe. Kama gari lilikuwa la mzigo, kwanza tulijaza mifuko ya mchanga nyuma, kwa sababu gari likilemewa nyuma pua huinuka, na taa nazo huinuka. Hilo nilifundishwa. Kumbukeni kwamba nilifundishwa.

Ijumaa moja mchana alikuja Mwalimu Ombati kutoka Magwagwa. Alikuwa amestaafu ualimu, anapeleka ndizi sokoni Kisii kwa steshenwagoni yake. Macho yalikuwa yameanza kumchoka, na siku chache kabla alibakisha kidogo tu kumgonga ng'ombe kwenye ukungu wa alfajiri. Binti yake Kerubo, muuguzi, alimnunulia zenoni na projekta zake kutoka kwenye mshahara wake.

"Ameniambia, Baba, nikikupoteza kwa sababu ya ng'ombe sitakusamehe," Mwalimu alitusimulia, kifua mbele.

Fomeni alikuwa mzee wa kanisa letu la Wasabato, na Ijumaa jua likikaribia kuzama tuliweka spana chini, hata kama gari limefunguliwa nusu. Siku hiyo aliondoka mapema kwenda kuandaa ibada, akaniachia kazi. Nilifunga vizuri, nasema bila aibu. Balasti niliziweka mbali na maji, relei ikavuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ili swichi ya gari isiungue, na kila waya nikauzungushia tepu. Nikalenga taa ukutani kwenye mstari wa chaki. Jua nalo lilikuwa limeshika kilima, mifuko ya mchanga iko nyuma ya banda, Mwalimu anatazama saa. Nikajiambia, aah, mstari si uko sawa? Sikutia mchanga, wala sikumkalisha. Nikakimbilia nyumbani kupika chakula cha Sabato.

Kesho yake nilikuwa kanisani, nimeketi mwisho wa benchi, nasikiliza mahubiri nusu nusu. Mama mmoja mwenye mwili wake akaja, akajitupa mwisho ule mwingine. Upande wangu ukainuka, miguu ikaning'inia. Watoto wakacheka. Mimi jasho likanitoka, kwa sababu nililiona gari la Mwalimu limejaa ndizi nyuma, pua juu.

Nilitembea nimeinama mpaka mbele walikoketi wazee. "Fomeni," nikamnong'oneza, "lile gari la ndizi. Sikutia mchanga."

"Ulimkalisha?"

"Hapana."

Akafunga Biblia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni, nikamfuata. Huko nje alimpigia Mwalimu simu, ikawa imezimwa.

"Anasafiri lini?"

"Kesho saa kumi na moja alfajiri. Lakini Fomeni, leo ni Sabato."

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, hatolewi? Na hapa si ng'ombe, ni mtu. Twende tukachukue kigoda."

Tukaenda Magwagwa, mimi nimekipakata kigoda.

Tulifika mvua ya alasiri ikinyesha, mawingu mazito, nje giza. Gari lilikuwa bandani, limeshapakiwa mikungu mpaka paani. Mwalimu alishangaa kutuona na nguo za kanisani.

"Omogaka, mzee wetu, tusamehe," Fomeni alimwambia. "Keti hapa kidogo, mbele ya gari lako."

Nikawasha taa. Mwalimu akarusha mkono usoni, nusura aanguke. "Zima! Zima, jamani!"

Nikazima. Alibaki pale akipangusa macho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mtu wa pikipiki angeona nini?"

"Hangeona kitu, Mwalimu," nikamjibu.

"Kerubo hutoka zamu ya usiku wakati huo, kwa pikipiki," akasema. "Tunapishana kwenye kona ya majani chai, yeye anarudi nyumbani, mimi nashuka mjini. Hunipigia honi."

Mvua iliendelea kupiga mabati. Fomeni akavua koti, akanipa bisibisi. "Shusha wewe," akasema.

Nyuma ya kila taa kuna skrubu ya kuipandisha na kuishusha. Niliwasha tena, nikazizungusha robo kwa robo, na ukingo wa mwanga ukashuka kutoka kwenye paji la uso wa Mwalimu, ukapita macho, ukapita kidevu, ukatulia kifuani.

"Sasa nawaona," akasema. "Nawaona nyote wawili."

Njiani kurudi nililia. Fomeni aliniacha nilie, kisha akasema, "Umesema mapema. Wengi hunyamaza." Mwenye gereji hakuambiwa kamwe. Wazee wa kanisa walipomuuliza Fomeni kwa nini alitoka ibadani, alisema alikwenda kumtoa ng'ombe kisimani, na kwamba alitoka mzima.

Miaka michache baadaye nilipelekwa Nyamira kusimamia tawi letu, na Fomeni mwenyewe ndiye aliyekipakia kigoda garini. Tumeshamzika. Sijamwona fundi mwingine wa kufanana naye, na nimewaona wengi.

Gari langu la mwisho kabla ya kustaafu lilikuwa la Kerubo. Sasa ni mkuu wa wauguzi, mvi zinachungulia. Baba yake alifariki kitandani mwake, uzee umemtosha. Sikuwahi kumsimulia Kerubo habari ile, na najua Mwalimu naye hakumsimulia.

Nilijaza mchanga nyuma ya gari lake, nikaweka kigoda, nikamwomba akae. Alicheka. "Auntie Moraa, mwenye kuendesha ni mimi. Mbona unanikalisha huku nje kama mgeni?"

"Kaa tu, mwanangu."

Nikawasha taa. Aliketi pale macho wazi, ananitazama.

"Unaniona?" nikamuuliza.

"Nakuona, Auntie. Kwani kuna nini?"

Nikazima taa, nikageuka kutafuta kitambaa cha kufutia mikono, na ilinichukua muda mrefu kukipata.