Ndege wa Ghorofa ya Tisa

Msafisha vioo wa lile jengo refu linalotazama bahari huongea kutwa nzima akiwa ananing'inia nje kwa kamba, maana walio ndani hawamsikii. "Shikamoo, mama mhasibu," humwamkia mwanamke wa ghorofa ya tisa, huku mikono yake iliyochujuka kwa sabuni ikishusha mpira wa kufutia bila kuacha hata mchirizi. Mama mhasibu hainui kichwa. Basi yeye hujijibu, "Marahaba, mwanangu," akacheka kidogo. Msimu huu, ndege wanapopita pwani wakikimbia baridi ya kwao, shingo yake haitulii. Wengi anawajua kwa sura, kama majirani.

Lakini huyu wa jana hakuwahi kumwona tangu azaliwe: mdogo, kifua chekundu kama kaa la moto, ametua kwenye ukingo wa ndoo akihema kwa uchovu. Msafisha vioo akagonga kioo, akagonga tena, akamnyooshea ndege kidole. "Mama, tazama!" Mama mhasibu akainuka, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu, lakini macho yake yakaishia kwenye kioo. Akakikagua chote, kisha kwa ukucha akamwonyesha doa dogo pembeni, alilolisahau.

Msafisha vioo akalifuta. Alipogeuka, ndege hayupo.

"Umemwona lakini, mama?" aliuliza.

Mama mhasibu alisharudi kwenye kiti chake. Safari hii msafisha vioo hakujijibu.