Goti Zima la Sindano

Uongo tunaoujua zaidi ni ule wa kukisifia kibovu: fundi anayeapa kwamba injini haina tatizo, mwenye nyumba anayepaka rangi juu ya ufa. Upo mwingine usiosemwa sana, nao ni kukitia ila kilicho kizima ili wengine wasikichukue. Shemeji yangu alisimama mlangoni pa uongo huo kwa muda wa saa moja. Ameniruhusu kuisimulia saa hiyo, nami sitampunguzia wala kumwongezea.

Ni kaka wa mke wangu, mtaalamu wa viungo katika klabu ya mpira ya mji wetu. Wachezaji humwita Mzee Barafu, kwa sababu hukimbilia uwanjani na mfuko wa barafu mkononi, na pia kwa sababu hacheki ovyo. Chumba chake kiko chini ya jukwaa. Mashabiki wakirukaruka juu, vumbi hudondoka kutoka darini na kutua kitandani. Mna kitanda kimoja kilichopasuka pembeni, friji la barafu, mizani, na kabati la mafaili ambalo ufunguo wake hauachi nyumbani hata siku moja. Amefanya kazi humo miaka ishirini na miwili. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita, na hawakujaliwa mtoto.

Sindano ni winga wa miaka ishirini na mitatu. Jina alilipata kwa wembamba wake na kwa namna anavyopenya katikati ya mabeki, ingawa mwenyewe huogopa sindano kama mtoto wa chanjo. Kano ya goti lake la kushoto ilikatika bila kuguswa na mtu: aligeuka, mguu ukabaki. Baada ya upasuaji alikabidhiwa kwa Mzee Barafu, na ikawa miezi kumi na mmoja.

Asiyewahi kuuguza goti hajui miezi hiyo ilivyo. Wiki ya kwanza kazi nzima ilikuwa kuinua kisigino kutoka kitandani kwa upana wa vidole viwili. Paja lilikuwa limenywea.

"Mzee, huu ni mguu au ni fimbo ya mwavuli?"

"Ni mguu. Fimbo ya mwavuli hailalamiki."

"Leo utanichoma?"

"Nimewahi kukuchoma lini?"

"Ndiyo maana nauliza kila siku. Siku yenyewe isije ikanikuta sijajiandaa."

Walianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wengine hawajafika. Sindano alileta mkate, mzee alileta chupa ya chai. Kuna siku kijana alilia akasema arudishwe tu kwao, na mzee hakumbembeleza. Alimwambia, "Lia, lakini mguu usiuteremshe. Bado sita." Akahesabu mpaka sita. Goti likapona, Sindano akarudi uwanjani, lakini asubuhi yake hakuiacha.

"Sasa umefuata nini? Mgonjwa mwenyewe ameshapona."

"Nimefuata chai, Mzee. Ya kwangu haina ladha."

"Unaipika vipi?"

"Siipiki. Ndiyo tatizo."

Mke wangu aliliona jambo hilo mapema kuliko sisi. "Kaka," alimwambia siku moja mezani kwetu, "huyo ni mtoto wa watu."

"Najua ni wa watu. Kwani mimi si watu?"

Tulicheka, naye akaendelea kula. Hakucheka.

Dirisha la usajili lilipofunguliwa, klabu kubwa ya mbali ikamtaka Sindano. Viongozi wetu walikubali na mchezaji mwenyewe alikubali. Kikabaki kitu kimoja, nacho ni goti. Kwa idhini ya Sindano, faili lake likapelekwa kwa daktari wa klabu ile, mama mmoja anayesifika kwa umakini.

Kocha wetu alikuwa na nusu fainali wiki tano mbele yake. Alishuka chumbani chini ya jukwaa, akafunga mlango.

"Mzee Barafu, mimi siwezi kumzuia. Wewe unaweza."

"Kwa vipi?"

"Watakuuliza habari za goti. Sijasema udanganye. Sema tu huna hakika. Nani duniani ana hakika na goti la binadamu?"

"Kocha, nenda kapange timu yako."

"Unaniringia bure. Kwani wewe unataka aende?"

Mzee aliokota taulo akaanza kulikunja. Kocha alirusha jiwe gizani tu, lakini lilimpata mtu.

Hapa nataka kusema neno. "Sina hakika" ni maneno ya heshima yakisemwa na asiyejua. Yakisemwa na anayejua, ni uongo uliovaa nguo za unyenyekevu, na mtu wa namna hiyo huwezi hata kumshtaki. Ubaya wake ndio huo.

Jumatatu saa nne asubuhi daktari yule alipiga simu.

"Kaka, nimesoma faili lako lote. Kazi safi. Ila picha ya wiki iliyopita ina doa upande wa ndani wa goti. Mimi naona ni kovu, wenzangu wawili wana wasiwasi, na uongozi unataka jibu kabla ya saa saba. Picha haijawahi kumshika mtu. Wewe umemshika. Ni kovu, au kuna jambo?"

Shemeji alilijua kovu lile kama anavyoijua njia ya kwenda chooni kwake. Jibu lilikuwa la neno moja. Badala yake akasema, "Nipe saa moja, dada."

Hakuihitaji saa hiyo. Ameniambia mwenyewe, naye ndiye aliyetaka niandike hivyo.

Akamwita Sindano kutoka mazoezini, akamlaza kitandani. Kijana akajinyoosha kama mtu aliye kwao, akaanza kusimulia habari za huko aendako: wana bwawa la kufanyia mazoezi ndani ya jengo, wana wataalamu watano wa viungo. "Watano, Mzee! Kila mmoja ana kidole chake?"

Mzee alilikunja goti, akalinyoosha. Akauvuta mguu mbele, akausukuma nyuma, akausokota taratibu huku ameliweka sikio karibu kama mtu anayesikiliza saa ya ukutani. Akabonyeza lile kovu kwa kidole gumba, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu.

"Panauma?"

"Hapaumi."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Sema kweli."

"Mzee, hapaumi! Unataka paume?"

Mikono ya shemeji ilisimama. Kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa ikishuka kwenye viungo vya watu ikiomba isikute kitu. Siku hiyo ilikuwa ikiomba ikute. Ilipapasa goti ililolijenga yenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, ikitafuta ubovu hata wa ukubwa wa punje. Ufa mdogo tu, alisema, wa kumbakisha msimu mmoja.

"Naona kuna kitu unakitafuta," Sindano alisema, sasa ameinua kichwa.

"Natafuta."

"Umekipata?"

Goti lilikuwa limetulia kati ya viganja vyake, kavu, lenye joto, imara kama nguzo.

"Hakuna kitu," mzee alisema. "Vaa viatu."

Dakika arobaini zilikuwa zimebaki. Hakuzitumia. Alipiga simu akasema, "Ni kovu, dada. Goti zima. Naliweka jina langu hapo." Daktari akashukuru na kutaka kukata, lakini shemeji akaendelea. Alimweleza kwamba asubuhi za baridi kijana huyo apashwe misuli taratibu. Kwamba akiumia hasemi, huanza kufanya mzaha, kwa hiyo mzaha ukizidi akaguliwe. Kwamba achomwe sindano akiwa amelala, asimame baadaye. Daktari akawa anaandika. Mwishowe akauliza, "Ni mwanao?"

"Ni mgonjwa wangu."

Sindano aliondoka Alhamisi. Alimkumbatia mzee kwenye maegesho, mbele ya wachezaji wote, akamwambia atapiga simu kila siku. Akapiga kila siku kwa wiki mbili. Kisha ikawa Jumapili kwa Jumapili, kisha ikawa ujumbe mfupi wenye picha ya bwawa. Simlaumu kijana. Aliyepona ana haki ya kukimbia, na hakuna mkataba unaomdai mtu akumbuke.

Ni mke wangu aliyemuuliza kaka yake swali nililoliogopa mimi. "Na kama ungeuona huo ufa, kaka?"

"Ningemwambia daktari kweli."

"Hilo najua. Nauliza, ungefurahi?"

"Ningefurahi," alisema. "Mungu anisamehe."

Watu hutaka kuambiwa kwamba mtu akitenda haki moyo wake hupata amani. Nami nimewahi kuyasema hayo mbele ya watu. Kwa shemeji yangu sijaiona amani hiyo. Nimeona mtu aliyesema kweli, na kweli ikamchukulia alichokipenda, na kesho yake akaenda kazini. Namheshimu kwa hilo kuliko ambavyo ningemheshimu kama angekuwa na furaha.

Jumamosi iliyopita alikuja kwetu kuangalia mechi ya klabu ile kwenye televisheni. Sindano alicheza vizuri. Dakika ya sitini alirukia krosi, akatua kwa mguu wa kushoto, kisha akaanza kutembea polepole kuelekea kwenye mstari. Mpira ulikuwa umeshapigwa upande wa pili, na kamera ikaufuata. Shemeji akainama kwenye kiti, akalaza kichwa begani, akichungulia ukingo wa kioo, kana kwamba uwanja uliobaki ulikuwa pale pembeni, nyuma ya fremu.