Simba wa Kwenye Vijiko

Nilikuwa nakusanya vijiko na uma za fedha zilizobaki katika nyumba kuukuu za Kwihara tangu enzi za misafara. Wenye nyumba walinipa kwa kubadilishana na asali. Sonara wa mjini, Mhindi, ndiye aliyenionyesha chapa nyuma ya mpini: simba, kichwa cha mfalme, herufi moja.

"Mchina ameiga chapa za Mwingereza," aliniambia. "Tazama simba huyu, kama mbwa aliyeshiba. Lakini fedha yenyewe safi mpaka ndani."

Kaka yangu alipoposa kule Bukene, ng'ombe wa mahari walipungua. Nikampa vijiko sita vya chapa ile. Siku ya mahari mshenga wetu aliviinua juu.

"Vimetoka Uingereza! Simba wa mfalme huyu hapa!"

Kwenye mahari husema mshenga peke yake, na mimi hata kuitikia salamu mbele za watu hunitoa jasho. Niliinamisha kichwa.

Mavuno yalipokwisha, wakwe wakaja asubuhi, baba na wanawe wanne, na fimbo. Mwana mkubwa alikuwa karani wa stesheni. Mzungu mmoja wa reli alikiona kijiko, akacheka, akamwambia chapa ni ya uongo.

"Shemeji, umetuolea dada yetu kwa bati?" karani alisema. "Simba wenu amelia, kumbe paka! Dada, funga mzigo."

"Mke wangu haendi popote," kaka akajibu.

Fimbo ya kwanza ilimpata sikioni. Ya pili aliikinga kwa mkono wa kulia, nikasikia mfupa ukivunjika kama ukuni mkavu. Mkewe alimkumbatia huku akilia. Karani akamburuta kwa nywele na kumzaba kofi.

Nilikimbilia ndani, nikatoa shoka na kijiko nilichokipenda kuliko vyote, cha simba yuleyule kama vile sita. Nilikiweka juu ya gogo, nikakikata.

"Tazameni ndani!" Sijawahi kupaza sauti namna ile. "Chapa ni ya kuiga, fedha ni ya kweli. Kingekuwa cha kupakwa mngeona shaba."

Mzee mkwe aliokota vipande, akavigeuza juani. Vyeupe vitupu.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Tangu siku ya mahari?"

"Tangu siku ile."

"Na ukanyamaza." Akawageukia wanawe. "Wekeni fimbo chini. Ni fedha. Mke abaki."

Wakaziweka. Nami nilikuwa nimeliacha shoka kando ya gogo. Kaka aliliokota kwa mkono wa kushoto, akamkata karani begani kabla hajainuka. Damu iliruka mpaka usoni kwa shemeji yangu, mke wa kaka.

Alirarua kanga yake, akamfunga nduguye jeraha. Kaka alimwita mara mbili. Hakugeuka. Walimpakia karani nyuma ya baiskeli waliyokuja nayo, dada yake akatembea ubavuni, kiganja kikiwa kimeziba bega lile, wakashika njia ya stesheni.