Dirisha Jeupe la Video

Miaka ile ya vita nilitunza tovuti ya ushirika wetu wa maziwa, Masisi. Mwenzetu mmoja alizunguka Walikale na kamera, akiwarekodi watu waliokimbia: kila mmoja anataja kilima chake na anakoelekea. Video alizipandisha mtandaoni, nami nikazibandika kwenye kurasa zetu ili jamaa wazione.

Jirani yangu, mama muuza maziwa, alisikia kwamba binti yake amerekodiwa. Akashuka kwa miguu hadi Rubaya, kwa mfanyabiashara mgeni kutoka Butembo aliyekuwa na intaneti dukani kwake huko. Akarudi amekunja uso.

“Papa, kule hakuna mutoto. Iko dirisha nyeupe tu.”

Kwangu video ilikuwa imecheza vizuri, kabla vita havijakata intaneti ya ushirika. Basi nikajua mbaya wetu ni nani. Malori ya yule mwenye duka yalipita vizuizi vyote bila kuguswa. Sisi tulivuliwa hadi viatu. Lazima anaficha jambo, nilisema, na nikamwambia kila aliyetaka kusikia. Wiki tatu sikumsalimia, nikajiona mwerevu sana.

Mwishowe akaniita mwenyewe. “Papa, unanisema mubaya kila fasi. Kuya ufungue na mikono yako.”

Nikafungua. Dirisha jeupe.

Ndipo nikakumbuka. Msimbo wa kubandika video, kama tulivyoupata mtandaoni, ulikuwa na mstari mmoja ambao programu yangu ya ukaguzi iliupaka rangi nyekundu. Mimi sivumilii kosa kwenye ukurasa wangu. Niliufuta, nikaambiwa ukurasa ni safi, nikafurahi. Kumbe kivinjari cha pale dukani kilitegemea mstari uleule. Ilinipasa kuuandika upya msimbo uliobaki, uwe sahihi na video ionekane kote. Nilijaribu kwenye kompyuta yangu tu, basi.

Nilirekebisha palepale, tukamwita mama. Kesho yake alipofika, binti akatokea kwenye skrini mbele yetu, amekonda, anacheka kidogo: “Mama, niko huku Buleusa. Nitakungojea mpaka siku ya soko, kiisha nitafuata benzangu njia ya Hombo.”

Siku ya soko ilikuwa imepita mara tatu.

Mama alimshukuru mwenye duka kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia, akanitazama vile nilivyomtazama yule bwana wiki zote zile.

“Papa, nani alikutumaka ufiche mutoto yangu?”

Nikaanza kumweleza habari za mstari mwekundu, na hata masikioni mwangu mwenyewe zilisikika kama uongo.