Njiwa wa Marehemu

Fundi viatu alikuwa mkaidi, tena ukaidi wa kujivunia. Mkewe alipokuwa mgonjwa kitandani, karibu na kufa, alimshika mkono akamwambia, "Njiwa wangu wasiishe." Basi. Mtu mwingine angewawekea mtama na maji, akarudi kwenye soli zake. Yeye akaamua wasichanganywe na njiwa wa nje: dume wa jirani akitua tu kwenye banda la uani, fundi anatoka na kiatu mkononi, anamfukuza mpaka barabarani. Majirani walicheka wee, mpaka wakachoka.

Njiwa wakawa wanaoana wao kwa wao. Wangeachiwa uhuru labda wangetafuta wa nje, lakini huyo wa nje angepita wapi? Mayai yakaanza kuwa viza. Kinda aliyetoka, alitoka na miguu imepinda, na wiki hakuimaliza. Fundi akalaumu paka, akalaumu joto, akalaumu mtama wa dukani. Banda likapukutika, wakabaki wawili tu: jike mweupe na kaka yake wa tundu moja.

Aliyempasulia ukweli ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, mfuga kuku, mdomo wake hauna breki. Alivunja yai mbele yake, ua zima likanuka. Akamwambia damu ikijirudia inachoka, kwamba hata yeye hubadilisha jogoo, na kwamba mapenzi yake hayo ndiyo yaliyowamaliza njiwa wa dada yake.

Ilimchoma, jamani. Miaka yote alidhani anatunza wosia, kumbe anauchimbia kaburi.

Shemeji akaleta dume mgeni, wa kijivu. Jike akamdonoa mgeni wa watu, akarudi kujibana kwa kaka yake. Ikabidi ndugu watenganishwe. Fundi mwenyewe ndiye aliyemkamata kaka, akamtia kikapuni, shemeji akaondoka naye hadi kwake, mji wa jirani. Jike akashinda mlangoni mwa banda, hali chakula vizuri, macho njiani. Fundi alikuwa akipita uani anainamisha kichwa. Upweke ule aliujua.

Lakini taratibu jike akakubali kulishwa na mgeni. Akataga, akaatamia. Wakatoka makinda wawili, wazima, miguu imenyooka. Siku hiyo fundi alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Asubuhi moja kaka akarudi. Njiwa hapotei njia ya kwao. Amekonda, mabawa yamechakaa, moja kwa moja mlangoni mwa banda. Mgeni akamrukia; hilo lilitarajiwa. Ila jike naye akainuka juu ya makinda, akamdonoa kaka yake, akampiga bawa mpaka akaanguka chini. Akapanda tena. Dada akamshusha tena.

Fundi akaacha kiatu alichokuwa akishona. Akapiga magoti vumbini, akamwokota, akamfunika ndani ya shati, machozi yanamtoka na wateja wanatazama.

"Nisamehe, baba," alimwambia. "Wamepona wao, nimekuumiza wewe."

Akampeleka chumbani, akafunga mlango, akamwekea mtama. Njiwa hakuugusa. Akapanda dirishani upande wa banda, akavimbisha shingo, akaanza kumwita dada yake. Kule bandani dada akaendelea kulisha makinda. Fundi akaziba masikio, halafu akayazibua, maana hapakuwa na mwingine wa kumsikiliza.