Msitu Ulio Nyuma ya Nyumba ya Editha

Safari yangu ya Uingereza ilianzia Louisville, jikoni kwa Mama, ingawa mimi naishi Columbus. Nilikuwa nimekwenda kumwonyesha pasipoti yangu mpya ya Marekani. Mama aliifungua, akaitazama picha, akasema nimetoka kama mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji. Kisha akanirudishia pamoja na agizo ambalo sikulitarajia.

"Sasa unaweza kwenda kumwona Editha. Nenda. Mwambie akikubali tu kwamba alikosa, kwangu yameisha."

Editha ni dada yangu. Wengi wenu kanisani hamumjui, kwa sababu aliolewa na Mkongo kule kambi ya wakimbizi Kigoma bila Mama kuridhia, na majina ya kuhamishwa yalipotangazwa, familia ya mumewe ikapangiwa Uingereza, yetu ikapangiwa huku. Lakini ugomvi haukuanzia kwenye ndoa. Sisi Warundi tuliokulia kambini tulikuwa na mpaka wa kambi. Kuni ziliisha ndani ya mpaka, zikabaki nje, na nje ilikuwa marufuku. Siku moja, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili na Editha kumi na sita, walinzi walimkamata msituni ng'ambo ya mpaka, wakampiga fimbo, wakamvunja mkono wa kushoto. Mkono ule haukunyooka tena. Mama akasema ni ukaidi, alimkataza kuvuka na akavuka, tena na mtoto. Editha alipoolewa, Mama akasema, "Aliyekaidi msituni ndiye huyo huyo." Tangu hapo wakawa wanasalimiana kupitia kwangu.

Hivyo ndivyo Mama anavyoijua habari hiyo. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyevuka. Niliona mti mkavu umelala, nikaona nitarudi na mzigo wa kumshangaza Mama. Editha alinifuata ili anirudishe. Walinzi walipotokea nilikimbia, nikafika nyumbani, na Mama aliponiuliza nani aliyevuka kwanza, nikasema ni Editha. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na saba.

Kwa hiyo nilitoka Louisville nikiwa mjumbe wa msamaha, wakati mkosaji nilikuwa mimi.

Columbus, Jumanne asubuhi. Msimamizi wetu kule ghalani Hilliard, ninakoendesha foklifti, alinipa siku tisa. Mnaonifahamu mnajua kwamba siendi penye miti. Kwaya ilipofanya matembezi katika lile bonde la Clintonville, mimi nilibaki kwenye maegesho nikilinda makoti ambayo hakuna aliyetaka kuyaiba. Nilisema mgongo unaniuma. Nilipanda basi la Buffalo nikiwa na sanduku moja na fulana ambazo Mama alizinunua kwa ajili ya binti wa Editha. Alisisitiza niseme zimetoka kwangu.

Buffalo, jioni hiyo hiyo. Bahati alinipokea kituoni. Ni Mkongo wa Kivu, tulifanya kazi zamu moja Columbus kabla hajahamia huku kwenye kiwanda. Ndege ya kutoka Toronto ilikuwa nafuu, na yeye alijitolea kunivusha daraja hadi Kanada. Mkewe alitupikia ugali na sombe, yale majani ya muhogo, na tukiwa mezani nikamweleza ninakokwenda.

"Donc unapita njia yote hii juu ya kuona dada tu?" akauliza Bahati.

"Ndiyo. Nina neno la kumwambia."

Akanitazama huku akimega tonge. "Bon. Kama uko na neno mu roho, useme mbele ya kula. Kisha kula watu wanasinzia."

Nilicheka, lakini usiku ule nilirudia maneno yake, kwamba neno zito lisemwe kabla ya kula, mara nyingi kuliko sala yangu.

Manchester, Alhamisi. Niliwaona kabla hawajaniona. Editha amenenepa kidogo, amevaa koti refu la kijani, mkono wa kushoto ameuweka mfukoni kama anavyouweka siku zote. Kando yake alikuwa Neema, bintiye wa miaka minane. Dada alinikumbatia, akanisukuma nyuma anione vizuri, akanikumbatia tena.

"Nesta mdogo wangu! Mbona umekuwa na kipara? Marekani wanalipisha nywele?"

Nilimwamkia Neema kwa Kiswahili. Yeye akanijibu kwa Kiingereza cha kule, kinachokwenda mbio huku kimebana pua, nami raia mpya wa Marekani nikalazimika kumwomba arudie.

Kutoka hapo tulipanda treni karibu saa moja hadi mji mdogo wa nyumba za matofali zilizoshikana. Nyumba ya Editha ni ya mwisho katika mstari wake. Nyuma kuna uzio, nyuma ya uzio shamba la kondoo, na nyuma ya kondoo msitu. Chumba nilichopewa kilitazama huko. Nilifunga pazia kabla sijafungua sanduku.

Nilizitoa fulana, nikasema zimetoka kwangu. Editha akaigeuza moja, akaona ukosi umeimarishwa kwa uzi wa mkono kama Mama anavyofanya kwa kila nguo. Aliikunja tena taratibu, na mimi nikazungumzia hali ya hewa.

Jumamosi, saa nne asubuhi. Mume wake alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, na Neema alikwenda kwa rafiki yake. Editha akavaa mabuti.

"Twende msituni."

"Kufanya nini?" nikauliza.

"Kutembea. Naenda kila Jumamosi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Miaka yote ile nilikuwa nimemwekea dada yangu woga wangu mwenyewe, nikijiambia kwamba hawezi kuona mti bila kutetemeka. Na kumbe mwenzangu anakwenda kila wiki, na mabuti ya kazi hiyo anayo.

Tulipita katikati ya shamba la kondoo. Kule kuna njia za miguu zinazokatiza mashamba ya watu tangu zamani, na mwenye shamba hana ruhusa ya kukuzuia mradi ufuate njia na ufunge lango. Editha alinionyesha mshale mdogo wa manjano uliopigiliwa kwenye nguzo, akasema huo ndio ruhusa. Mimi niligeuka nyuma mara tatu kutafuta mlinzi. Niliona kondoo tu.

Ndani ya msitu kulikuwa na ubaridi, na kulinukia kitunguu saumu. Dada alisema ni majani ya porini, huchuma kidogo akatia kwenye maharage. Chini ya mialoni, ardhi yote ilikuwa imefunikwa na maua ya buluu, mengi mno. Maua hayo hutoka wiki chache tu, kabla majani ya miti hayajafunga mwanga. Watu walitupita wakiwa na watoto na mbwa, wakitusalimu kana kwamba tumekutana uani. Mahali pengine niliona visiki vilivyotoa fito nyingi nyembamba kila kimoja. Editha akaeleza kwamba wakazi wa mji hujitolea kila kipupwe, hukata miti ile karibu na ardhi, sehemu moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao, nayo huchipua na kuishi miaka mingi kuliko ambayo haikukatwa. Nilikubali kwamba ni pazuri. Mgongo wangu, hata hivyo, ulikuwa umelowa jasho.

Tukafika penye mrundo wa matawi makavu, umepangwa vizuri kando ya njia. Editha akasimama, macho yakamwaka.

"Tazama kuni hizi, Nesta! Leo nakupikia maharage nyuma ya nyumba, kwenye mafiga matatu, kama kwetu. Gesi haijui maharage."

Mrundi wa kambini huwezi kumpitisha penye kuni kavu. Kabla sijasema lolote alikuwa amevua skafu, akaizungusha ikawa ngata, akachagua matawi, akayafunga kwa mkanda wa koti lake. Akajitwika. Alisimama katikati ya maua yale, mzigo kichwani, mkono mmoja ukiushikilia na ule mbovu kando.

Hapo ndipo mbwa akabweka na mwanamume akapiga kelele, "Hei! Nyie hapo!"

Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikushtuka tu, nilikimbia. Mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, raia wa Marekani, nilikata katikati ya majani yanayowasha hadi kwenye lango la shamba, na sikugeuka mpaka niliposhika mbao zake.

Nilipogeuka, Editha alikuwa bado amesimama palepale na mzigo wake. Mwanamume mzee mwenye koti la kijani alikuwa mbele yake, mbwa ameketi, na wote wawili walikuwa wanacheka.

Nilirudi. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile, na haikufika mita mia.

Mzee alikuwa mmoja wa wale wanaojitolea. Alieleza kwa upole, kama anayeomba radhi, kwamba mrundo ule haukuwa wa kuni. Ni makazi ya wadudu, umeachwa makusudi uoze. Kibao kilikuwepo, kimefichwa na majani. Editha akamwambia kwetu mti mkavu ukilala siku mbili ni wa mama fulani tayari. Tulirudisha matawi moja moja, na mzee akasisitiza yale mazito yakae chini kwa ajili ya mbawakawa. Kisha akatupeleka penye fito walizozikata kipupwe, akampa dada yangu fungu zima, akaenda zake na mbwa wake.

Tulikaa juu ya gogo. Miguu yangu ilikuwa inawaka kwa yale majani, na uso pia, kwa sababu nyingine. Nikakumbuka kwamba hatujala.

"Dada, Mama amenituma. Anasema ukikubali ulikosa, yameisha. Lakini si wewe uliyekosa. Mimi ndiye niliyevuka mpaka. Na mimi ndiye niliyemwambia Mama ni wewe. Nisamehe."

Editha aliutoa mkono mfukoni, akaulaza juu ya goti lake, ule usionyooka.

"Nilijua ulimwambia hivyo. Niliporudi usiku ule, neno lake la kwanza lilikuwa, 'Kwa nini ulimvusha mtoto?'"

"Mbona hukukataa?"

"Mkono wangu ulikuwa umeshavunjika. Kusema kweli kusingeuunga, kungekupatia na wewe fimbo." Akasema bila hasira, jambo lililonichoma zaidi, "Nikajua ukikua utasema. Basi nikangoja ukue."

Nililia. Naandika hivi kwa kuwa nimeahidi kuandika yote. Nililia mbele ya watu wanaotembeza mbwa, na mmoja wao akaniuliza kama niko salama.

"Umeniambia mimi," Editha akasema nilipotulia. "Mimi nilikuwa najua. Asiyejua yuko Louisville."

Fito nilizibeba mimi, kichwani, kupitia shamba la kondoo hadi mtaani. Majirani wake walitazama. Maharage yalichelewa hadi jioni na yalikuwa na moshi, na nilikula sahani tatu.

Jumanne nilirudi kwa njia ileile, Toronto, kisha Buffalo. Bahati akaniuliza tu, "Ulisema mbele ya kula?" Nikaitika. "Njo vizuri," akasema, yaani ndivyo ilivyofaa, akawasha gari. Columbus sikwenda nyumbani kupumzika. Nilibadilisha basi, nikaendelea hadi Louisville.

Louisville, Jumatano, saa sita mchana. Wenzangu wa kwaya wameniuliza nilijifunza nini Uingereza. Nilijifunza kwamba kuna nchi ambako mtu hupita shambani kwa jirani bila kuulizwa, na kwamba woga niliosema ni wa dada yangu ulikuwa wangu. Nilijifunza pia kwamba kuomba msamaha kwa aliyeumizwa ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine nilimkuta nayo Mama, akichambua mchele mezani. Nikamwambia nikiwa nimesimama, tangu ule mti mkavu hadi neno nililomjibu siku ile.

Hakunipigia kelele. Aliendelea kuchambua mchele kwa muda, lakini niliona anatupa punje nzima na kuacha mawe. Mwishowe akafuta mikono kwa kanga yake, akanyoosha kiganja.

"Nipigie Editha."

Nilibonyeza namba, nikampa simu. Sauti ya dada ilitoka upande wa pili, ikadhani ni mimi. "Nesta? Umefika salama?"

"Ni mimi," akasema Mama.

Niliwasikia wote wawili wakipumua. Kisha Mama akauliza jambo ambalo kwa miaka kumi na saba hakuwahi kuliuliza.

"Mwanangu, huo mkono, siku za baridi unakuuma?"

"Unaniuma, Mama," akasema Editha.